Raketi Mpya kwa Uwanja wa Nairobi: Uzoefu Wangu na Pure Drive, EZONE 98 na Blade 98

Baada ya kulinganisha raketi tatu za tenisi kwa makini, nimenunua Wilson Blade 98, ile yenye nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Ninaandika haya kwa ajili ya mchezaji mwenzangu anayetafuta raketi mpya huku akikutana na maneno yale yale katika kila tangazo, yaani nguvu, udhibiti, na namna mkono unavyousikia mpira. Mambo hayo matatu yapo kweli na yanaweza kupimwa uwanjani, lakini hayana uzito sawa kwa kila mtu wala kwa kila mahali. Mimi ni mchezaji wa kilabu wa umri wa makamo, ninacheza Nairobi kwenye uwanja wa udongo mwekundu, ninapenda kukaa karibu na mstari wa nyuma na kuijenga pointi taratibu, na pigo langu la nyuma ni la mkono mmoja. Raketi mpya ya daraja hili hapa kwetu inapita shilingi 30,000, kwa hiyo sikuwa tayari kuchagua kwa kuvutiwa na rangi au na jina la bingwa anayeitumia.

Nianze na nguvu, kwa kuwa ndiyo inayouza raketi nyingi, na kwa kuwa Nairobi ina hali yake katika jambo hili. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya asilimia 15. Mpira unaopita katika hewa nyepesi haupati upinzani wa kutosha, basi hufika mbali zaidi kwa pigo lile lile. Na ule mzunguko wa kwenda mbele tunaouwekea mpira ili ushuke na kuanguka ndani ya mistari nao hupungua makali, kwa sababu kinachousukuma mpira chini ni hiyo hiyo hewa. Zaidi ya hayo, mpira wa kawaida uliojazwa gesi kiwandani hudunda juu zaidi huku kwetu, kwa kuwa hewa iliyouzunguka haiukandamizi kama inavyoukandamiza pwani. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi linalitambua jambo hili na limetenga aina ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, ila mimi na wenzangu tunacheza na mpira wowote tunaoupata dukani. Ndiyo kusema mchezaji wa Nairobi amekwisha kupewa nguvu kabla hajainua mkono. Anayecheza Dar es Salaam au Mombasa ana sababu nzuri ya kutafuta raketi ya kumsaidia kusukuma mpira; mimi nilitafuta ya kunisaidia kuuzuia.

Nguvu ya raketi hutokana na mambo kadhaa yanayofanya kazi pamoja, na ni vizuri kuyafahamu kabla ya kuingia dukani. La kwanza ni ugumu wa fremu. Fremu ngumu haipindi sana mpira unapoigonga, kwa hiyo nishati nyingi hurudi kwenye mpira, ilhali fremu laini hupinda kidogo na kumeza sehemu ya nishati hiyo. Ugumu hupimwa kwa mashine na kupewa namba. Raketi laini huwa na namba ya 50 na kitu hadi 60 na kidogo, na zile ngumu sana hukaribia au kupita 70. La pili ni ukubwa wa kichwa: raketi za mbao za zamani zilikuwa na kichwa cha sentimita za mraba 420 hivi, na za leo nyingi zina 632 au 645, na kadiri nyuzi zinavyokuwa ndefu ndivyo zinavyorusha mpira kwa urahisi. Kisha kuna unene wa fremu ukiitazama kwa ubavu, uzito wake, na mahali uzito huo ulipokaa, kichwani au mpinini. Muuzaji akikuambia tu kwamba raketi fulani ina nguvu, muulize nguvu hiyo inatoka wapi.

Babolat Pure Drive niliazima kwa mwenzangu wa kilabuni, na Yonex EZONE 98 pamoja na Blade 98 zilitoka kwa kocha wetu, ambaye huwa na raketi za kujaribia. Sharti langu lilikuwa moja: zote tatu zifungwe nyuzi mpya za aina moja kwa mkazo mmoja wa pauni 52, kwa sababu ukilinganisha raketi yenye nyuzi mpya na nyingine yenye nyuzi zilizolegea, utakachokipima ni nyuzi. Udongo ulitusaidia sana katika kupima. Tulifagia upande wa pili ukawa laini, kocha akasimama karibu na wavu na kapu la mipira, akawa ananirushia mipira kwa mwendo mmoja, nami nikawa napiga kwa mshazari nikilenga kona ya mbali. Kila mpira uliacha alama yake kwenye udongo, kidoa cha mviringo kilichorefuka kidogo kuelekea ulikokwenda. Kati ya mstari wa eneo la kuanzia na mstari wa nyuma kuna karibu mita 5 na nusu, na alama zilizo katika theluthi ya mwisho ya eneo hilo ndizo zinazomrudisha mpinzani nyuma. "Usitazame mpira unavyotoka," kocha aliniambia, "nenda ukatazame ulipoanguka." Kila tulipobadilisha raketi tulivuka wavu, tukazisoma alama, tukafagia tena.

Pure Drive imekuwa sokoni tangu mwaka 1994, na ndiyo jamii ya raketi aliyoitumia Andy Roddick katika enzi za mapigo yake makali ya kuanzia. Ina kichwa cha sentimita za mraba 645, gramu 300 bila nyuzi, na fremu nene na ngumu. Pigo langu la kuanzia liliongezeka kasi papo hapo bila mimi kuongeza bidii yoyote, na mipira niliyoifikia nikiwa nimechelewa, ambayo kwa kawaida hufia katikati ya uwanja, ilifika mbali. Lakini alama za kwenye udongo zilieleza upande wa pili. Zilitapakaa: nyingine karibu kabisa na mstari, nyingine nje yake, nyingine fupi kwa sababu nilikuwa nimeanza kuuzuia mkono wangu mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililoniamulia. Mchezaji anayefupisha pigo kwa kuogopa mpira kutoka nje hupoteza mzunguko, na akipoteza mzunguko mpira hutoka nje zaidi. Sisemi kwamba raketi ina kasoro, maana imeundwa kutoa nguvu na inaitoa kwa ukarimu. Ninasema kwamba katika mwinuko huu, na kwa mkono unaopiga kwa nguvu kama wangu, nguvu hiyo haikuwa na kazi ya kufanya.

EZONE 98 ilinipa shida ya kuamua. Kichwa chake ni cha sentimita za mraba 632, na umbo lake, kama ilivyo kawaida ya Yonex, lina mabega mapana juu kuliko yai la raketi nyingine, kwa hiyo lile eneo ambalo mpira ukigonga mkono hausikii mtikisiko hupanuka kuelekea juu. Raketi hii hupokea mpira kwa upole. Hata pigo lisilolenga katikati halikunitikisa kiwiko, na kwenye wavu, ambako mtu hana muda wa kupanga, ilikuwa imara na ya kutegemewa. Alama zake kwenye udongo zilikuwa za ndani zaidi ya zile za Blade, yaani karibu zaidi na mstari wa nyuma, na kama ningekuwa ninacheza zaidi mchezo wa wawili kwa wawili ningeinunua bila kusita. Kilichonizuia ni pigo la kukata kwa mkono wa nyuma. Pigo hilo ninalitegemea sana, na kwa EZONE mpira uliondoka ukiwa juu ya wavu kwa kimo kikubwa kidogo kuliko nilivyokusudia. Kimo hicho kinatosha kumpa mpinzani mzuri mpira wa kuumaliza.

Blade 98 nayo ina sentimita za mraba 632 na gramu 305 bila nyuzi, lakini fremu yake ni nyembamba, milimita 21 kutoka juu hadi chini, na ni laini kuliko zile mbili. Nguvu yake ni ndogo, na lazima hilo lisemwe wazi. Ukichelewa kuufikia mpira, au ukipiga kwa mkono tu bila kuzungusha kiuno, mpira utaanguka mfupi na mpinzani atausogelea akitabasamu. Ikifungwa nyuzi uzito wote unapita gramu 320, na seti ya tatu ikifika bega langu linalisikia hilo. Hata hivyo, nilipopiga kwa mkono wote, bila kujizuia, alama zilikusanyika. Nyingi zilikuwa ndani ya eneo ambalo ningeweza kulifunika kwa taulo mbili, na zilizokuwa nje zilikuwa nje kwa sababu ninayoijua, aidha nilichelewa au uso wa raketi ulikuwa umefunguka. Kwangu mimi huo ndio udhibiti: kujua sababu ya kila mpira ulikoangukia, ili pigo linalofuata lirekebishwe.

Hapo ndipo hisia ya mkono inapoingia, jambo ambalo wengi hulidharau kwa kuwa halina namba. Kwa Blade, mpira mfupi unaodunda chini upande wa nyuma huupokea kwa goti lililokunjwa, uso wa raketi ukiwa umefunguka kidogo, na kwa muda mfupi kabisa vidole vinausikia mpira ukikaa kwenye nyuzi kabla haujaondoka. Ukigonga sentimita moja juu ya katikati, kidole cha shahada kinajua kabla macho hayajauona mpira ukishuka. Taarifa hiyo ndiyo inayomfundisha mchezaji. Fremu inayoficha kila mtikisiko humstarehesha mtu, lakini pia humnyima habari za makosa madogo. Niongeze kwamba kile kipande cha mpira kinachobanwa kati ya nyuzi, ambacho wengi hudhani kinakinga kiwiko, hubadilisha mlio wa nyuzi tu; mshtuko unaopita kwenye fremu hadi mkononi hauguswi nacho. Mwenye kiwiko kinachouma atafute fremu laini na nyuzi laini.

Kuhusu nyuzi, ninaamini kwa dhati kwamba wengi wetu tunabadilisha raketi wakati tulipaswa kubadilisha nyuzi. Hata Babolat, tunayoijua leo kwa fremu, ilianza na nyuzi: kampuni hiyo ya Lyon, Ufaransa, ilitengeneza nyuzi za utumbo wa mnyama tangu mwaka 1875. Za utumbo bado zipo, ni laini na zina nguvu, ila bei yake ni kubwa na unyevu huziharibu. Nyuzi ngumu za poliesta zilipata umaarufu baada ya Gustavo Kuerten kushinda mashindano ya wazi ya Ufaransa mwaka 1997 akizitumia, na kwa hakika huupa mpira mzunguko mwingi, lakini huchosha kiwiko na hupoteza mkazo upesi hata kabla hazijakatika. Nimefunga poliesta wima na nyuzi laini za nyuzinyuzi nyingi mlalo, kwa pauni 52, ambazo kwa hewa ya Nairobi zinanitosha. Nikishuka kucheza Mombasa ninamwomba fundi apunguze pauni mbili au tatu, kwa sababu huko mpira unahitaji kusukumwa na mkazo mdogo huongeza nguvu. Mabadiliko hayo yanagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya raketi.

Mpini usinunuliwe kwa kukisia. Namba moja ya unene wa mpini hadi nyingine hutofautiana kwa milimita 3 tu za mzingo, lakini mpini mwembamba mno humfanya mtu akaze vidole muda wote, na mnene mno hauwezi kupunguzwa kwa urahisi. Nilikuwa kati ya namba 2 na namba 3, nikachukua namba 2 na kuongeza utepe mmoja juu.

Anayeanza kucheza, au mwenye pigo fupi, au mzee ambaye bega lake halizunguki tena kama zamani, asiifuate njia yangu, maana Blade itamdai nguvu asiyokuwa nayo. Pure Drive au EZONE 100, ndugu ya EZONE 98 yenye kichwa kikubwa zaidi, zitamfaa zaidi hata hapa Nairobi. Yule mwenzangu aliyeniazima Pure Drive hupiga mpira kwa mkono mfupi na mwepesi, na kwake mipira inaanguka ndani vizuri kabisa.

Ninakusudia kununua Blade ya pili ili nisikwame uzi ukikatika katikati ya mchezo, na nitakwenda dukani na mizani ndogo ya jikoni. Raketi mbili za modeli moja, zenye rangi moja na namba zile zile, zinaweza kutofautiana kwa gramu kadhaa kutoka kiwandani, na tofauti hiyo ikikaa kichwani mkono huitambua. Muuzaji mwenye subira hatakataa uzipime alizonazo zote ukachagua iliyo karibu zaidi na ile uliyoizoea.