Bia za Ubelgiji: ipi ununue Brussels, na kwa nini utazame taa ya duka kabla ya lebo

Malalamiko ninayoletewa kuhusu bia za Ubelgiji yanafanana mno. Mtu amepita Brussels kikazi au kumtembelea ndugu, amenunua chupa nne tano za bei, amezibeba hadi Dar, Mombasa au Kampala, amewaita jamaa zake, amefungua, na harufu iliyotoka ni ya kicheche. Lawama zinamwendea aliyeipika bia, na wakati mwingine zinanijia mimi niliyeisifia. Aliyeipika hana kosa. Bia ile iliharibikia dukani, kwenye rafu, chini ya taa.

Miongozo mingi itakuambia utazame asilimia ya kilevi, aina ya bia, na chakula cha kuisindikiza. Hayo utayasoma kwenye lebo mwenyewe. Mimi nataka uujue ugonjwa mmoja ambao wauzaji hawautaji kabisa, nao ni kuungua kwa mwanga.

Uchungu wa bia unatokana na hopsi, yale maua yanayochemshwa pamoja na maji ya kimea. Ndani ya bia mnakuwa pia na vitamini B2 kidogo. Mwanga wa jua au wa taa unapoipiga chupa, ile sehemu yake ya buluu na urujuani inaiamsha vitamini hiyo, nayo inavivunja viini vya uchungu. Vipande vinavyobaki vinashikana na salfa iliyomo humo humo, na hapo ndipo inapozaliwa harufu ya kicheche. Mjerumani Carl Lintner aliiandika kasoro hii mwaka 1875, na mwaka 2001 watafiti wa Ghent, hapa hapa Ubelgiji, pamoja na wenzao wa North Carolina, walieleza hatua kwa hatua inavyotokea. Pua ya binadamu ni kali mno kwa harufu hii. Nanogramu chache kwenye lita nzima zinatosha kuiharibu glasi yako. Kwenye jua kali haichukui siku wala saa, ni dakika tu.

Glasi ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani inazuia kidogo sana, na ile nyeupe inayoonyesha kila kitu haizuii karibu chochote. Kopo la bati na pipa havipitishi mwanga kabisa. Wengi wetu tumekulia kwenye chupa za kahawia za Tusker na Safari, na huenda hatukuwahi kuinusa kasoro hii hadi tulipoanza kununua bia za nje za chupa ya kijani. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba bia ya Ulaya ndivyo inavyonuka, kwamba ndiyo ladha ya kizungu. Sivyo inavyonuka, na ukiinunua ukiwa na imani hiyo utamlipa mwuzaji mzembe maisha yako yote.

Basi ukiingia dukani, usikimbilie rafu. Simama utazame bia zimekaa wapi. Dirishani, zinaangaliana na barabara? Toka. Kwenye friji ya kioo yenye taa nyeupe inayowaka usiku na mchana? Usichukue za mbele. Omba za nyuma kabisa, au uliza kama zipo ambazo bado ziko kwenye kreti au kwenye boksi. Watu wanadhani taa za kisasa za LED ni salama kwa kuwa hazitoi joto. Zina buluu nyingi, na kinachoichoma bia ni hiyo buluu.

Sasa bia zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Taras Boulba ya Brasserie de la Senne, na sitaki kujifanya sina upande. Hiki ndicho kiwanda ninachokipenda kuliko vyote katika mji huu. Yvan De Baets na Bernard Leboucq walianza kupikia Molenbeek mwaka 2010, kisha wakahamia eneo la Tour & Taxis, ambako unaweza kukaa ukainywa pale pale inapotengenezwa. Taras Boulba ina kilevi cha asilimia 4.5 tu. Kwa nchi iliyozoea bia za asilimia nane na tisa, hilo ni jambo la kuthubutu. Ni kavu, chungu kwa namna safi, ina harufu ya maganda ya ndimu na majani mabichi, na ukimaliza glasi mdomo unabaki mwepesi. Kwa mtu wa pwani, aliyezoea kunywa kwenye joto na samaki wa kuchoma, sijaona bia ya Ubelgiji inayomfaa zaidi. Chupa yake ni ya kahawia. Haichujwi, kwa hiyo usishtuke ukiiona ina mashapo chini. Ile ni hamira, haina madhara. Dada yake, Zinnebir, ina mwili zaidi na kimea kinasikika vizuri. Anayeona Taras Boulba ni nyepesi mno achukue hiyo. Kwa kuwa bia hizi zinaishi kwa hopsi, nunua zilizotengenezwa karibuni na uzinywe mapema. Kuziweka mwaka mzima ukingoja harusi ni kuzitupa.

Ya pili ni Orval. Watawa wa abasia ya Orval, kusini kabisa karibu na mpaka wa Ufaransa, walifungua kiwanda mwaka 1931 ili wapate fedha za kuijenga upya abasia yao, na mpaka leo bia wanayouza nje ni hiyo moja. Ina asilimia 6.2. Hopsi wanaziongeza tena baada ya bia kuchacha, na wakati wa kuitia kwenye chupa wanaweka hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, ambayo inaendelea kufanya kazi polepole ndani ya chupa kwa miezi na miaka. Ndiyo maana Orval changa inanukia maua na machungwa, na iliyokaa inakuwa kavu, yenye harufu ya ngozi na zizi la farasi. Wapo wanaoipenda changa tu na wapo wanaongoja. Mimi naipenda ikiwa na miezi sita hivi. Na hapa naomba uwaheshimu watawa hawa kwa jambo moja: lebo inakuonyesha siku ilipotiwa kwenye chupa, si siku ya kuisha muda peke yake. Unajua unanunua nini. Laiti wote wangefanya hivyo. Chupa ni ya kahawia, na kama mkoba wako unabeba bia mbili tu, iwe hii na Taras Boulba.

Ya tatu naipa Cantillon, kiwanda cha familia kilichoko Anderlecht, humu humu Brussels, tangu 1900. Wao hawaongezi hamira. Maji ya kimea yaliyochemshwa yanaachwa yapoe usiku kwenye sinia pana la shaba juu darini, na hamira ya hewani inaingia yenyewe. Kazi hiyo inafanyika miezi ya baridi tu. Kisha bia inakaa kwenye mapipa ya mbao hadi miaka mitatu. Bia yao iitwayo Gueuze ni mchanganyiko wa bia changa na kongwe, chachu kama ukwaju, na mtu aliyezoea bia laini atakunja uso kwenye funda la kwanza. Mpe la pili. Kwa upande wa mwanga, bia za namna hii zina nafuu, kwa sababu hopsi zao huwa zimezeeka na zimepoteza uchungu mwingi, kwa hiyo mwanga haukuti mengi ya kuvunja. Lakini bado uiweke gizani. Nunua pale pale kiwandani. Unaruhusiwa kuingia na kuzunguka, na bei ni ya haki.

Saison Dupont ingekuwa ya pili. Inapikwa Tourpes, mkoa wa Hainaut, ina asilimia 6.5, ina povu zito kama la maziwa na pilipili kidogo mwishoni, na watengenezaji wengi Marekani wameijaribu kuiiga. Ila chupa yake kubwa ni ya kijani! Nimeinywa kutoka kwenye pipa ikawa nzuri kupita maelezo, na nimeinywa kutoka chupa iliyokaa dirishani ikawa kitu cha kumwaga. Kwa hiyo naiweka ya nne kwa sharti: iwe ya pipa, kwa mfano kwenye baa ya Moeder Lambic, pipa likiwa limefunguliwa wiki hiyo, au itolewe kwenye boksi lililofungwa ukiwa unaona kwa macho yako.

Za giza na nzito, kama Westmalle Dubbel ya asilimia 7 na Rochefort 10 ya asilimia 11.3, zinafaa kwa zawadi na kwa safari ndefu. Zinategemea kimea na sukari zaidi ya hopsi, ziko kwenye chupa za kahawia, na zinastahimili kukaa. Rochefort 10 igawanwe na watu wawili, na isinywewe mchana.

Za bei nafuu: Jupiler ya kopo. Haina makuu, lakini kopo halipitishi mwanga, na hilo tayari linaipa nafasi mbele ya chupa nyingi za kijani.

Sasa nizungumze na wenye maduka ya watalii kuzunguka Grand-Place, uwanja mkuu wa Brussels, kwa sababu nimechoka. Mnapanga bia dirishani hadi darini kama maua, zinakaa hapo miezi, halafu mnaziuza zile zile za dirishani. Nimewahi kumwomba mwuzaji mmoja anitolee chupa za stoo, akaniambia ni zile zile. Si zile zile. Tena bei inakaribia mara mbili ya supamaketi, wakati Delhaize au Colruyt iko mwendo wa dakika chache na bia zimo kwenye kreti zake. Mgeni kutoka Afrika Mashariki aliyebadilisha shilingi zake kwa uchungu anauziwa bia iliyoungua kwa bei ya dhahabu, na hatarudi kulalamika, kwa sababu ataifungua akiwa zaidi ya kilomita elfu sita mbali. Hilo mnalijua.

Bia ya Westvleteren inaniuma zaidi. Watawa wa abasia ya Sint-Sixtus wanauza bia yao kwa kreti, kwa oda, na wanamtaka mnunuzi asiiuze tena. Mwaka 2019 walifungua mauzo ya mtandaoni ili kuwazuia walanguzi. Hata hivyo utaikuta Westvleteren 12 kwenye maduka yale yale, chupa moja moja, kwa bei ambayo mtawa mwenyewe angeionea haya. Usiinunue. Ni bia nzuri sana, lakini Rochefort 10 inakukaribisha jirani kabisa na ladha hiyo, na pesa yako haimfikii mlanguzi.

Ukinywea nje, kaa kivulini. Bia iliyokwisha kumiminwa haina ulinzi wowote, na glasi ya Taras Boulba ikipigwa na jua la Julai inabadilika kabla hujafika katikati.

Na kwa wanaobeba kwenda nyumbani: kwenye begi la mkononi bia hairuhusiwi, iweke kwenye begi la kukabidhi. Funga kila chupa kwenye soksi nene na uisimamishe katikati ya nguo. Ukifika, usiipange kwenye kabati la vioo sebuleni ili wageni waione. Iweke chini ya kitanda au nyuma ya stoo, mahali penye giza na ubaridi, uitie kwenye friji siku moja kabla, na umwombe yeyote atakayepewa zawadi hiyo afanye vivyo hivyo.