Nokia 3310 mkononi mwangu, na swali la kama Nokia itarudi

Simu yangu ya kwanza ilikuwa Nokia 1100, mulika mwizi yenyewe. Ukibonyeza C bila kuachia, tochi inawaka. Vitufe vyake vilikuwa mpira mmoja uliofunika uso mzima, vumbi halipenyi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na kwa niliyoishi nayo mimi, ilistahili.

Basi 3310 iliporudishwa sokoni mwaka 2017 nikainunua mara moja. Wakati huo nilikuwa nimechoshwa na simu janja ya kampuni nyingine iliyokuwa ikizima mchana, nikiwa katikati ya shughuli. Hii ni nyepesi, mfuniko unafunguka kwa ukucha na betri inatoka, kama zamani. Chaja nilikuwa naisahau kwa siku kadhaa. Gemu ya nyoka imo, ila nyoka wa sasa ana rangi na hupinda vingine. Kidole gumba changu kilimtafuta yule wa zamani kwa wiki nzima. Kamera ni ya megapikseli 2, ya dharura tu. WhatsApp haina, kwa hiyo nimeifanya simu ya kupiga na kupokea.

Nilichokuja kukielewa baadaye kiliniuma: Nokia siye aliyeitengeneza. Kitengo chake cha simu kilishakwenda Microsoft mwaka 2014, na 3310 hii ni ya HMD Global, kampuni nyingine ya Ufini inayotumia jina kwa leseni. Tangu 2024 HMD wameanza kutoa simu kwa jina lao wenyewe. Ndiyo maana nasema enzi zile za mkononi hazirudi. iPhone ilipotoka 2007, watu wakaanza kuchagua simu kwa programu zake, na Nokia ilipoegemea Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, mwaka 2011, watengenezaji wa programu walikuwa wameshahamia kwa Android na Apple. Uimara wa vitufe haukuweza kuziba pengo hilo.

Nguvu ya Nokia yenyewe haijafa lakini. Iliichukua Alcatel-Lucent, kampuni ya mitambo ya mawasiliano, mwaka 2016, na leo inauza mitambo ya minara ya 5G na ya mikongo. Oktoba 2025 Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, ilitangaza kuwekeza humo dola bilioni 1. Hapo naiamini kabisa.

3310 naipa nyota nne kati ya tano. Bado ninayo, na laini yangu ya zamani imo humo.