Nunua kwa ukoo: vipuri vya kuboresha Honda ATC ya zamani, na kipi kitangulie

Honda ilianza kuuza pikipiki yake ya matairi matatu mwaka 1970 kwa jina la US90, ikaipa baadaye jina la ATC90, na ndani ya miaka kumi na tano ikawa na ukoo mzima: 70, 110, 125M, 185S, 200 za kila aina, 250R, 250SX, 350X. Kisha mlango ukafungwa. Desemba 1987 watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza mpya, mahakama ikayathibitisha makubaliano hayo Aprili 1988, na mwaka 2008 sheria ya huko ikapiga marufuku kabisa kuingiza na kuuza mpya. Kwa hiyo anayeiboresha ATC leo ana njia tatu tu: kipuri cha mtumba, kipuri cha kuigwa, au kipuri kilichochomolewa kwenye ndugu yake aliyetengenezwa kwa wingi zaidi. Mimi ni mtu wa hiyo ya tatu.

Kosa linalokula fedha za watu ni kununua kwa umbo. Kipande kinafanana, mashimo yanaonekana yako palepale, muuzaji anaapa kwamba "zote ni Honda". Nunua kwa ukoo. ATC70 ina injini ya kulala ya cc 72, damu moja na pikipiki za CT70, Z50 na C70. ATC90 na ATC110 wako upande wa CT90 na CT110. ATC185 na ATC200 ni injini ya kusimama, jamaa wa XL185 na XR200. ATC250R ni ya mipigo miwili, na ndugu yake wa karibu ni TRX250R ya matairi manne. Ukivuka mpaka wa ukoo umeacha kununua kipuri, umenunua kazi ya kuchomelea.

Undugu huo unaweza kuusoma hata bila kukishika kipande. Namba ya kipuri cha Honda ina makundi matatu. Kundi la kwanza lina tarakimu tano na linataja ni kitu gani: 12100 ni silinda, 13101 ni pistoni. Kundi la kati linataja modeli ambayo kipuri hicho kilitengenezewa kwanza. La mwisho ni la marekebisho. Fungua orodha ya vipuri vya mashine yako. Ukikuta kundi la kati la kipande fulani ni la modeli nyingine, Honda wenyewe wamekwisha kukuambia pa kutafuta. Nakala ya orodha hiyo ifunge kwenye mfuko wa nailoni ukae nayo gereji, maana mikono yenye grisi haina huruma na karatasi.

Sasa mpangilio. Nimepanga kwa kuangalia kipuri kinakupa nini kwa kila saa utakayokaa sakafuni na spana, na si kwa jinsi kitakavyopendeza kwenye picha.

Nafasi ya kwanza: mbele ya 200X, pamoja na breki yake

Najua ulitarajia injini. Lakini ATC90 ilitoka kiwandani na breki ya nyuma peke yake, na ATC200 ya mwanzo ina breki ya dramu mbele ambayo, baada ya miaka arobaini ya tope, inapunguza mwendo kwa hiari yake. Shokapu hakuna, kazi hiyo waliachiwa matairi manene yenye upepo kidogo. 200X, iliyotoka mwaka 1983, ilikuja na foku za shokapu na breki ya diski mbele. Kwa mwenye 185S au 200 ya kawaida, seti hiyo inabadilisha mashine kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Nunua seti nzima kutoka mashine moja: foku mbili, vibao vya juu na chini vinavyozibana, ekseli, hab, diski, kalipa ya breki, paipu na pampu ya mkononi. Anayekuuzia foku bila vibao anakuuzia nusu ya tatizo. Kabla ya kulipa, pima vitu vitatu kwenye fremu yako na uombe muuzaji apime vilevile kwa upande wake: urefu wa mhimili wa usukani unaopita kwenye shingo ya fremu, kipenyo cha mhimili huo pale bering zinapokaa, na kipenyo cha vikombe vya bering ndani ya shingo. Vikilingana, ni kazi ya jioni moja. Mhimili ukitofautiana, wa zamani unaweza kutolewa kwa presi na kupigwa kwenye kibao kipya, ila hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchonga, usijaribu kwa nyundo.

Foku zenyewe zikague hivi: zungusha bomba juu ya kioo bapa uone kama linayumba, kisha pitisha ukucha kwenye kromi mahali sili inapoteleza. Ukucha ukikwama, sili mpya haitadumu.

Watu huuliza kwa nini nisiweke mbele ya 350X au 250R, ambazo ni nene na zina mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Zinawekwa, na zinapendeza. Lakini foku ndefu inainua pua ya fremu, usukani unalala nyuma, na uzito wote unapanda juu. Mashine hizi zina ekseli ya nyuma ya mnyoofu bila difa: matairi yote mawili ya nyuma huzunguka sawasawa, na ili ikate kona lazima tairi la ndani liteleze kidogo, wewe ukiweka uzito kwenye kikanyagio cha nje huku kiwiliwili kikiinamia ndani ya kona. Ukiipandisha juu bila kuipanua nyuma, nafasi ya kukosea inapungua. Anayetaka foku za 350X ajue kwamba hapo amejiagizia na ekseli pana.

Nafasi ya pili: silinda ya 200 juu ya 185

Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, ila kinawahusu wenye 185 peke yao, ndiyo maana hakikupata nafasi ya kwanza. Injini ya 185 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 63 na mwendo wa pistoni wa milimita 57.8, hiyo ni cc 180. Ya 200 ina milimita 65 na mwendo uleule wa 57.8, hiyo ni cc 192. Mwendo ukiwa uleule, krenki inabaki. Unanunua silinda, pistoni, ringi na gaskiti za 200, unafungua juu, unafunga juu.

Cc kumi na mbili hazitakurusha mwezini. Unachopata ni nguvu ya chini, ile inayovuta kwenye mchanga bila kushusha gia, na unapata silinda yenye maisha mapya badala ya kuendelea kutanua ya zamani. Silinda ya mtumba usiinunue bila kipimo cha ndani, kipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili. "Iko poa" si kipimo. Na ukikuta imeshatanuliwa mara mbili tatu, hakikisha pistoni ya saizi hiyo ipo mkononi mwako kabla ya kuinunua silinda.

Ukiwa umefungua, angalia nundu za kamshafti na sehemu za kichwa cha silinda inapokaa. Injini hizi zikikosa oili, hapo ndipo zinapolia kwanza. Kichwa kilichokwanguka ndani hakiponi kwa kamshafti mpya.

Nafasi ya tatu: injini nzima ya ndugu mkubwa

Mwenye ATC90 asihangaike kuipa nguvu injini ya cc 89. Atafute ya 110. Ina milimita 52 kwa 49.5, yaani cc 105, na inakaa mahali palepale. Mwenye 110 naye macho yake yawe kwa 125M ya miaka ya katikati ya themanini, yenye cc 124. Kubadilisha injini nzima huonekana ni ghali kuliko kununua vipande, mpaka utakapojumlisha vipande.

Ukinunua injini iliyoshushwa tayari, dai ije na vitu vyake vyote: kabureta na shingo yake, koili, boksi la CDI (la cheche za kielektroniki), waya zisizokatwa, eksozi, na spoketi ya mbele ikiwa bado imefungwa. Waya zilizokatwa karibu na injini ni dalili ya mtu aliyeishusha kwa haraka, na aliyeishusha kwa haraka mara nyingi alikuwa na sababu.

Kwa ATC70 kuna njia mbili. Ya upole ni kit ya milimita 52: ukiiweka juu ya mwendo uleule wa 41.4 unapata cc 88, na mashine inabaki na sura yake, kamba yake ya kuwashia na klachi yake isiyo na mkono. Ya pili ni injini ya kuigwa ya kulala ya cc 110 au 125 (nyingi za 125 ni milimita 54 kwa 54), mpya kwenye boksi, iliyotengenezwa kwa kufuata ramani ya injini hizo ndogo za Honda. Inaingia, na kwa nguvu unayoipata ni chaguo la gharama ndogo kuliko zote. Sasa sikiliza kinachofuata boksi hilo: umeme wake ni wa volti 12, mkono wa kiki hupigana na kikanyagio cha mguu kwa hiyo utataka ya kuwashwa kwa betri, kabureta inakaa kwa pembe nyingine, na eksozi ya zamani haielekei. Pia dramu ndogo ya nyuma ilitengenezwa kusimamisha cc 72. Ikiwa ATC70 hiyo ni ya mtoto, nunua kit ya 88 au usinunue kitu.

Nafasi ya nne: CDI badala ya platini

ATC90, na ATC110 za mwanzo, zinatoa cheche kwa platini, ile swichi ndogo inayofunguka na kufunga ndani ya injini. 110 za baadaye zina CDI. Mashine inayowaka kwa mvuto wa pili wa kamba kila asubuhi ina raha yake, na kipuri kinapatikana. Sharti ni moja: flaiwili, koili za ndani, boksi na koili ya plagi vitoke kwenye injini moja. Boksi la mwaka huu kwa flaiwili ya mwaka ule litakupa cheche nzuri kwa wakati mbaya, na utaitafuta hitilafu kwenye kabureta wiki nzima.

Nafasi ya tano: TRX250R ndani ya ATC250R

Kwa nguvu tupu ingekuwa ya kwanza. ATC250R za 1985 na 1986 zilipozwa kwa maji, cc 246, milimita 66 kwa 72, na TRX250R ya 1986 hadi 1989 ina vipimo hivyohivyo. Ndiyo maana injini nzima ya TRX inaweza kuingia kwenye fremu ya hizo za maji kwa marekebisho madogo. Za kabla ya hapo, zilizopozwa kwa hewa, ziache kwenye ukoo wao.

Nimeiweka chini kwa sababu namba zinazolingana zinadanganya. Niliwahi kununua silinda ya TRX iliyokuwa safi kama kikombe cha wageni, kwa mtu aliyenihakikishia kwamba 66 kwa 72 ni 66 kwa 72. Ilikuwa ya kuanzia 1987, mwaka ambao mkono wa pistoni ulirefushwa na silinda ikarefuka nao. Kipenyo kilekile, mwendo uleule, ila pistoni yangu ilifika kileleni ikaishia chini kabisa ya pale ilipotakiwa kufika. Silinda ile sasa inashikilia kalamu. Ukinunua juu ya injini hii, uliza mwaka wa krenki na mwaka wa silinda kwa maswali mawili tofauti, na jibu moja usilikubali kwa yote mawili.

200X ina mtego kama huo. Ya 1983 hadi 1985 ni cc 192. Ya 1986 na 1987 ni mashine nyingine ya cc 199 iliyopewa jina lilelile. Mtu akikuandikia tu "vipuri vya 200X", mwombe picha ya namba ya fremu.

Cheni na matairi

Ukibadili injini, cheni hufuata. Namba imepigwa kwenye bati la pembeni: 420 na 428 zina umbali uleule wa milimita 12.7 kati ya pini na pini, ila 428 ni pana zaidi. 520 ni milimita 15.875 na haitakaa kwenye spoketi za hizo mbili. Nunua cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, kisha weka rula ndefu kwenye uso wa spoketi ya nyuma uone kama inagusa ya mbele bapa.

Matairi ya nyuma nunua jozi. Usiamini namba iliyoandikwa ubavuni. Yajaze upepo mdogo, takriban psi 2 hadi 3 kwa geji ya upepo mdogo (geji ya gari haisomi huko chini), yaache usiku kucha, halafu zungushia utepe wa fundi cherehani kila tairi katikati. Kwa ekseli isiyo na difa, tofauti ya mzingo kati ya kulia na kushoto huifanya mashine ivute upande mmoja kwenye njia iliyonyooka, na mwenye mashine huishia kulaumu foku alizonunua jana. Tofauti ndogo isawazishe kwa upepo. Ikikataa, rudisha jozi.