Pampu ya kupimia presha ya rejeta: uzoefu wangu kwenye Toyota za zamani

Gari la zamani likianza kuchemsha, mafundi wengi hapa Kampala hukimbilia kung'oa thamostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta) na kuongeza maji. Pampu hii ya mkono, yenye geji na adapta za kufunga mdomoni mwa rejeta, inakuonyesha presha inapopotelea kabla hujafungua bolti hata moja. Nimeitumia kwenye Toyota za miaka ya 1990 zenye injini za 4A-FE na 7A-FE, na kwa kazi hiyo ninaisifu.

Anza na kifuniko cha rejeta, maana hakuna anayekishuku. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku maji yasiyobanwa na presha huchemka kwenye nyuzi 96. Feni ya magari haya huwaka karibu na nyuzi 93. Kifuniko kikishakufa, ndani ya foleni ya Jinja Road, kati ya feni kuwaka na maji kuchemka zimebaki nyuzi tatu tu. Huko Kabale, karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye hizo hizo 93, yaani feni inaamka wakati maji yameshaanza kutokota. Kifuniko kizima cha baa 0.9 (baa ni kipimo cha presha) kinausogeza mchemko hadi nyuzi 115 hivi. Kifunge kwenye adapta yake, kilowanishe, pampu polepole: kinatakiwa kuachia kati ya baa 0.74 na 1.03. Kikiachia chini ya 0.6, tupa. Ukipewa cha 1.1 ukiambiwa ni imara zaidi, kikatae. Rejeta kuukuu yenye matangi ya plastiki inaweza kupasuka kwenye maungio.

Kisha pima mfumo wenyewe, injini ikiwa baridi kabisa. Jaza maji hadi mdomoni, funga adapta, pampu hadi baa 0.9 usipitishe, subiri dakika 15. Mshale ukishuka, tafuta unyevu: klipu za mipira, kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, vifuniko vya chuma nyuma ya manifoldi ya ekzosi, na zulia la mbele ndani ya gari, kwa sababu rejeta ndogo ya hita huvuja humo bila kuonekana nje. Kama mshale unashuka na nje ni pakavu kote, toa plagi za kuwashia injini. Ile iliyolowa au iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake inakuonyesha silinda yenye tatizo.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni cha mwisho. Acha baa 0.5 tu, washa injini ingali baridi, tazama geji. Presha hupanda taratibu injini ikipata joto. Hilo ni kawaida. Ikiruka ndani ya dakika ya kwanza, mipira ikiwa bado baridi, gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Zima mara moja, achia presha kwa vali yake.

Kifaa hiki hakioni kila kitu. Rejeta iliyoziba kwa kutu na matope itashika presha vizuri sana, na gari litaendelea kuchemsha mlimani au kwenye mwendo wa kasi. Likichemsha kwenye foleni tu na kupoa likienda kasi barabara ya Masaka, tafuta feni: kwenye nyingi za Toyota hizi, ukichomoa waya wa swichi ya joto huku ufunguo umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Na kama thamostati iling'olewa, irudishe, ya nyuzi 82, kivali chake cha hewa kikae juu. Kwenye injini hizi ndiyo inayofunga njia ya mkato; bila hiyo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Udhaifu wa pampu ni mpira wa adapta: ukikauka huvuja wenyewe na kukudanganya. Upake kulanti (maji ya dawa ya rejeta), usipake oili, na pitisha povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kulilaumu gari. Pima pia mdomo wa rejeta yako kabla ya kununua. Toyota hizi hutumia kifuniko kidogo, na magari yenye chupa ya kulanti ya kufunga kwa kuzungusha huhitaji adapta nyingine, ambazo seti za bei ya chini mara nyingi hazina.