Dekoda ipi ununue kwa kichwa cha zamani cha treni ya mfano?

Kabla hujafungua pochi, fungua kichwa chenyewe. Bisibisi moja na malitimita (kipima umeme) ya bei ndogo vitakuambia vizuri kuliko tangazo lolote ununue dekoda ipi, yaani kile kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopokea amri na kuiendesha mota. Hapa nazungumzia treni ndogo za mfano za Uingereza za ukubwa wa OO: chapa za Tri-ang na Hornby za miaka ya 1950 hadi 1990, pamoja na Lima za Italia. Hazina soketi ya dekoda ndani, zimejaa minadani kwa bei ya kutupa, na ndizo huwatia watu hasara.

Kwa anayeanza: mfumo wa zamani hupeleka relini umeme wa volti 0 hadi 12, na kila kichwa kilichosimama juu ya reli hiyo huondoka pamoja na wenzake. Kwenye DCC, mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni hizi, reli hukaa na volti kama 14 au 15 muda wote, na amri husafiri ndani ya umeme huohuo. Dekoda iliyo tumboni mwa kichwa husikiliza namba yake tu, kisha ndiyo inayoipa mota umeme. Kampuni ya Lenz ya Ujerumani ndiyo iliyouasisi mfumo huu, na NMRA, chama cha wapenda treni za mfano cha Marekani, kikaufanya kiwango miaka ya 1990. Ndiyo maana dekoda ya Austria hutii kidhibiti cha Uingereza bila ugomvi.

Sasa pima. Kiweke kichwa kwenye umeme wa kawaida wa volti 12, malitimita ikiwa kwenye ampia, halafu yashike magurudumu yasizunguke kwa sekunde moja tu. Namba unayoiona ndiyo mota itakayodai siku gia ikikwama, na dekoda lazima istahimili zaidi ya hapo. Mota ya X04 ya Tri-ang iliyochoka inaweza kuvuka ampia 1. Mara nyingi haijafa. Sumaku yake imepungua nguvu kwa miaka, na mota yenye sumaku dhaifu hunywa umeme mwingi kwa kazi ileile. Safisha komyuteta (sehemu ya mota inayozunguka ikipokea umeme) kwa spiriti, badilisha brashi zinazoigusa, tia tone la mafuta, pima tena. Wapo wanaotoa sumaku ya zamani na kupachika vipande vya neodimiamu, sumaku ndogo zenye nguvu, na namba hushuka sana. Fanya hayo kabla ya kununua, maana huenda dekoda ndogo ikakutosha.

Baada ya hapo tafuta shoti. Kwenye vichwa hivi, brashi moja kwa kawaida hugusana na chasisi, na chasisi nayo hugusana na reli ya upande mmoja. Zamani hiyo ilikuwa njia ya kuokoa waya. Kwa dekoda ni kifo. Kwenye X04 utaona springi ya brashi imevishwa mpira upande mmoja tu. Uvishe na wa pili. Dekoda yangu ya kwanza niliiunguza hivyohivyo: mpira niliuvisha, lakini waya wa mota ulikuwa umebanwa na kuchubuka chini ya skrubu ya bodi (gamba la nje). Nikaweka relini kwa haraka zangu, na harufu ilikaa chumbani hadi asubuhi. Weka malitimita kwenye mlio, gusa brashi na kila gurudumu, kisha brashi na chasisi. Ikilia popote, hujamaliza.

Chaguo la kwanza: dekoda ya daraja la kati, ya kuunga kwa waya

Wengi waishie hapa. Nikipata mota isiyofika ampia 0.8, nachukua Zimo MX600: ni bapa, na inapita juu ya mota hata kwenye bodi nyembamba. Mota ikidai kidogo zaidi, Lenz Standard+ huvumilia ampia 1. ESU LokPilot nayo ni nzuri, hasa kwa wanaopenda kurekebisha kila kitu. Walio Marekani wenye vichwa vya zamani vya Athearn wana Digitrax DH126 ya ampia 1.5. Kwa Uingereza tarajia kulipa kati ya pauni 20 na 40.

Unacholipia hasa ni uwezo wa dekoda kupima mzunguko wa mota na kuiongezea nguvu inapolegea. Mota ya zamani ambayo ilikuwa inaruka kama chura ikianza kuondoka, itatambaa. Kwangu hilo ndilo linalostahili pesa. Taa na mbwembwe nyingine baadaye.

Waya mwekundu na mweusi huenda kwenye magurudumu, wa chungwa na wa kijivu kwenye mota, mweupe taa ya mbele, wa njano taa ya nyuma, na wa buluu ni chanya ya pamoja ya taa. Ushauri wangu: nunua dekoda yenye plagi ya pini 8, pamoja na soketi yake, halafu ulehemu soketi ndani ya kichwa. Soketi ni bei ndogo, na kesho ukitaka kuihamisha dekoda, unachomoa tu.

Kichwa cha Hornby ambacho mota yake iko kwenye tenda (behewa la makaa nyuma ya kichwa) kina kazi ya ziada. Umeme wa upande mmoja hutoka kwenye kichwa na kupita kwenye chuma kinachokiunganisha na tenda. Pitisha waya laini badala ya kukitegemea chuma hicho.

Chaguo la pili: mota mpya, kisha dekoda

Hili ni la Lima, na la zile mota bapa za Hornby zilizolika. Mafundi wengi huweka mota ya draivu ya CD. Ukiwa Dar au Nairobi, fundi wa kompyuta hakosi sanduku la draivu zilizokufa. Inanywa umeme kidogo na haina kelele. Lakini nyingi hazikuundwa kwa volti 12, kwa hiyo punguza kiwango cha juu kwenye CV5, mpangilio wa kasi ya juu ndani ya dekoda. Lima pia hupokea umeme kwa magurudumu machache mno, na kipande kidogo cha uchafu huizima. Ongeza vipokea umeme kwenye magurudumu mengine, la sivyo utailaumu dekoda bure.

Chaguo la tatu: dekoda ya bei ya chini

Hornby R8249 imeandikiwa nusu ampia. Kwa mota ya CD inatosha. Kwa X04 usijaribu.

Chaguo la nne: dekoda ya sauti

Kwa kawaida huzidi pauni 100, na bado utafute nafasi ya spika. Nimeweka moja tu, na ngurumo ya gia za zamani iliifunika honi. Kama unataka sauti, inunulie kichwa cha kisasa.

Chaguo la mwisho: usikiguse

Hornby-Dublo ya reli tatu iliyo ndani ya sanduku lake la awali ina thamani kwa wakusanyaji jinsi ilivyo. Iuze, au iache kabatini.

Ukishaunga, usikimbilie reli kuu. Weka kichwa kwenye reli ya kuprogramu, ambako umeme umebanwa, na usome CV1, mpangilio unaohifadhi namba ya dekoda. Ikisomeka, waya za reli na mota zimeunganika. Ikikataa, rudi kwenye malitimita. CV1 hutoka kiwandani na namba 3. Ibadilishe siku hiyohiyo, maana ukiwa na vichwa viwili vya namba 3, ukiita kimoja vinakuja vyote.