Uzoefu Wangu na Saa ya CWC ya 1987, Saa ya Wapiga Mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza

Tangu msimu wa korosho uliopita nimekuwa nikivaa saa ya CWC (Cabot Watch Company, kampuni ya saa ya Uingereza) iliyotengenezwa mwaka 1987 kwa ajili ya wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Naandika tathmini hii kwa sababu wenzangu kadhaa hapa Mtwara wameanza kuulizia saa za aina hii, na karibu wote huanza na swali lile lile: ilivaliwa na askari gani? Mimi naona hilo ndilo swali la mwisho kuulizwa, kwa kuwa mmiliki wa saa hii alikuwa serikali, na serikali iliandika umiliki wake mgongoni mwa saa kwa namna ambayo yeyote mwenye lenzi anaweza kuisoma.

Kampuni ya CWC ilianzishwa mwaka 1972 na Ray Mellor, ambaye kabla ya hapo aliongoza tawi la Uingereza la kampuni ya saa ya Hamilton. Wakati huo wapiga mbizi wa jeshi hilo walikuwa wamekwishapewa Omega Seamaster 300 mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha wakapewa Rolex Submariner katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 CWC ikaanza kuchukua nafasi hiyo kwa saa ya kujijaza yenyewe, na miaka michache baadaye ikafuata ya betri, ambayo ndiyo niliyo nayo. Rolex zile za jeshi leo zinauzwa minadani kwa fedha ambazo mtu wa kipato cha kawaida hawezi hata kuziwaza. Hii yangu ilinigharimu kiasi ambacho kingenunua pikipiki ya mtumba iliyo katika hali nzuri, na kwa saa yenye historia ileile ya utumishi nahesabu kuwa ni bei ya haki.

Dalali aliyeniuzia alikuwa na simulizi tamu. Alisema saa hii ilikwenda Vita vya Falkland, kati ya Uingereza na Argentina, pamoja na mwenyewe, na kwamba mwenyewe alikuwa mpiga mbizi wa kutegua mabomu. Nilimwomba picha ya mgongo wa saa kabla ya kuzungumza bei, akaituma, na pale chini, baada ya namba ya saa, palikuwa na mkwaju (/) ukifuatiwa na tarakimu 87. Kwenye saa hizi tarakimu hizo ni mwaka wa kutengenezwa. Vita vya Falkland vilipiganwa mwaka 1982. Nilimweleza hivyo kwa heshima, naye akapunguza bei bila ubishi mrefu. Sisi wa mikoa ya kusini tumekua tukisikia habari za kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kule Nachingwea na za wapiganaji waliopita huku, kwa hiyo kitu cha jeshi hutugusa upesi, na wauzaji wanalijua hilo.

Saa ilipofika niliipeleka kwa fundi saa ninayemwamini, mzee mwenye kibanda chake jirani na soko. Aliivua mkanda, akaweka lenzi jichoni, akapitisha ukucha juu ya maandishi polepole, tarakimu moja baada ya nyingine. Akaniambia, "Angalia hapa, mwanangu. Chuma kimechakaa, na maandishi yamechakaa pamoja nacho." Hicho ndicho kipimo alichonifundisha, nami sijaona kilicho bora zaidi: kingo za herufi zikiwa kali ilhali chuma kinachozizunguka kimejaa mikwaruzo na kulainika, basi maandishi hayo yamechongwa juzi.

Maandishi yenyewe yanasomeka hivi. Kwanza kuna 0555, ambayo inaelekeza kwenye Jeshi la Wanamaji; saa za jeshi la nchi kavu huandikwa W10. Inafuata 6645, ambayo katika mfumo wa NATO ni fungu la vifaa vya kupimia wakati, kisha 99, ambayo ni Uingereza. Halafu upo mshale mfupi mpana unaotazama juu, alama ambayo kwa karne nyingi imegongwa kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Jina la mtu halimo. Saa ilitoka ghalani kwa kazi na ilitakiwa kurudi ghalani, ikafanyiwa matengenezo na kutolewa tena kwa mwingine, hadi ilipoondolewa kwenye orodha na kuuzwa. Kwa hiyo muuzaji anayetaja jina la askari inambidi aonyeshe karatasi, kwa sababu saa yenyewe haiwezi kumtolea ushahidi.

Usoni kuna herufi T ndani ya duara, yaani rangi iliyopakwa kwenye akrabu na kwenye alama za saa ina tritiamu, ambayo ina mionzi hafifu na huifanya rangi ing'ae gizani bila kuhitaji mwanga wa nje. Saa za miaka ya baadaye zina L badala ya T, kwa kuwa rangi ilibadilishwa ikawa isiyo na mionzi. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, na saa ya 1987 imekwishapita vipindi vitatu vya namna hiyo, kwa hiyo iliyobaki ni takriban thumuni ya ile ya mwanzo. Yangu gizani haionekani kabisa, na rangi yake imegeuka ya maziwa yaliyoungua kidogo. Napenda ilivyo. Ingekuwa inang'aa kwa nguvu, ningejua imepakwa upya na thamani yake ingeshuka. Fundi alikataa katakata kuikwangua, na alikuwa sahihi: kioo kinatosha kuzuia mionzi hiyo, lakini vumbi la rangi hiyo si kitu cha kuvutwa puani.

Jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni vyuma viwili vya kupitishia mkanda. Kwenye saa za kawaida hizo ni pini za springi, na pini ikichomoka saa huenda chini. Hapa vyuma vimeshikamana na mwili wa saa moja kwa moja na havitoki, kwa hiyo mkanda unaofaa ni wa nailoni wa kipande kimoja, unaopita chini ya saa. Waingereza huuita G10, kutokana na fomu G1098 ambayo askari aliijaza ili apewe vifaa ghalani. Mkanda wa ngozi wa dukani haufai hapa.

Saa hizi ziliundwa kuhimili mita 300, ila namba hiyo ilihusu saa mpya. Kabla ya kuingia nayo majini niliipeleka Dar es Salaam kwenye karakana yenye mashine ya kupimia mgandamizo, wakabadilisha mipira ya kuzuia maji na betri. Tangu hapo nimepiga nayo mbizi Mikindani na upande wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwenye maji ya kina cha wastani tu. Unazungusha ringi iliyozunguka uso wa saa hadi alama yake ikutane na akrabu ya dakika, unazama, na muda uliokaa chini unausoma papo hapo. Ringi hii imegawanywa dakika kwa dakika kuzunguka yote sitini, wakati kwenye ringi za saa nyingi za madukani alama za kila dakika huishia robo ya kwanza. Akrabu zenye umbo la upanga zinasomeka vizuri hata maji ya Mikindani yanapochafuka wakati wa bamvua. Usiku, kama nilivyoeleza, haisaidii kitu bila tochi.

Wapo wanaodharau saa hii kwa sababu inatumia betri, wakidai ya kujijaza ndiyo saa halisi. Mimi siwaungi mkono. Jeshi lenyewe ndilo lililokubali betri, kwa kazi ambayo dakika zake zina uzito, na hii yangu inakwenda sawasawa na simu mwezi mzima. Ningeongeza fedha kwa ajili ya mgongo ambao haujasuguliwa na uso ambao haujapakwa upya. Kwa ajili ya simulizi isiyo na karatasi nisingeongeza hata shilingi.