Mapitio ya Bare-Metal Foil: kromu inayoistahili Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957

Mtu anayeunganisha modeli za plastiki za magari ya Marekani ya miaka ya 1950 anaweza kufika mahali ambapo rangi imekaa vizuri, milango imenyooka na tairi zote nne zinagusa meza, lakini gari bado linaonekana kama kichezeo. Mara nyingi kinachokosekana ni kromu. Magari yaliyotoka Detroit katika muongo ule yalivishwa metali inayong'aa kuanzia fremu ya kioo cha mbele hadi ncha za mapezi ya nyuma, ilhali seti ya modeli huja na vipande vichache tu vilivyopakwa kromu kiwandani, kwa kawaida bampa, grili na vifuniko vya rimu. Mikanda ya ubavuni, fremu za madirisha, vitasa na maandishi ya jina la gari huchongwa pamoja na bodi katika plastiki ileile, na kazi ya kuvigeuza kuwa metali anaachiwa mnunuzi. Bare-Metal Foil imetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, na kwa maoni yangu ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu anayejali usahihi anapaswa kukinunua baada ya seti yenyewe.

Ni foili ya alumini iliyo nyembamba sana, yenye gundi upande mmoja, iliyolazwa juu ya karatasi laini na kuuzwa ikiwa bapa kwa ukubwa wa takriban sentimita 15 kwa 30. Kampuni yake ilijijenga katika jimbo la Michigan, palepale yalipokuwa makao ya viwanda vya magari vyenyewe na ya AMT, mojawapo ya kampuni zilizoifanya modeli ya gari kuwa burudani ya mamilioni ya vijana wa Marekani. Foili hiyo hupatikana katika kromu ya kawaida, kromu yenye mng'ao mkali zaidi, alumini isiyong'aa, dhahabu, shaba na nyeusi. Foili ya jikoni haiwezi kushika nafasi yake hata ikipakwa gundi nzuri, kwa sababu ni nene na ngumu mno kuweza kufuata mchongo wa pambo lenye upana wa milimita moja.

Umuhimu wa wembamba huo unaonekana ukipiga hesabu. Bel Air ya 1957 ina urefu wa inchi 200, yaani milimita 5,080, na umbali wa inchi 115 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Katika skeli ya 1:25, yaani modeli iliyo ndogo mara 25 kuliko gari halisi, urefu unakuwa milimita 203 na umbali wa ekseli unakuwa milimita 117, vipimo ambavyo mtu anaweza kuvihakiki kwa kaliperi kabla hajafungua chupa ya gundi. Kwa skeli hiyo, tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na kulipaka gari halisi rangi yenye unene wa milimita 2.5. Rangi ya fedha inayopakwa kwa brashi juu ya rangi ya bodi huongeza unene palepale ambapo mchongo unahitaji kingo kali, chembe zake za metali huonekana kwa macho, na mstari wake hutetemeka pamoja na mkono uliouchora. Foili haiongezi unene unaoweza kuonekana, na ukingo wake unatoka kwenye wembe, kwa hiyo unanyooka kadiri mkato wako ulivyonyooka.

Nimeichagua Bel Air ya 1957 kuwa kipimo cha foili hii kwa sababu ni mtihani mgumu na wa haki. Mwaka ule Chevrolet iliuza magari yenye bodi hiyo katika ngazi tatu, One-Fifty, Two-Ten na Bel Air, na mapambo ndiyo yaliyomwambia mtazamaji mwenye gari alilipia ngazi gani. Bel Air ilikuwa na bamba la alumini lililojaza nafasi kati ya mikanda miwili kwenye ubavu wa nyuma, alama tatu za dhahabu kwenye madigadi za mbele, na grili yenye rangi ya dhahabu. Mdomo wa kujazia mafuta ulifichwa ndani ya kromu iliyopanda kwenye ukingo wa nyuma wa pezi la kushoto, hivi kwamba mgeni angeweza kulizunguka gari zima bila kuuona. Mwenye kutafuta usahihi lazima ajue pia kwamba metali hizo hazikuwa za aina moja. Bampa zilikuwa za chuma kilichopakwa kromu, mikanda ya ubavuni ilikuwa ya chuma cha pua kilichosuguliwa, na lile bamba la nyuma lilikuwa alumini yenye mng'ao uliotulia. Ukivipaka vyote rangi moja ya fedha, umeshaipoteza tofauti ambayo jicho linaisoma hata pale ambapo mtazamaji hawezi kuieleza. Hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu bidhaa hii: foili ya kromu ya kawaida ina mng'ao mpole kidogo kuliko vipande vya kiwandani, na upole huo unakaribiana mno na chuma cha pua, wakati foili ya alumini isiyong'aa inalitosha lile bamba bila kuongezewa chochote.

Ubandikaji unahitaji subira na wembe mpya. Bodi iwe imeshapakwa rangi, imekauka kabisa na imesuguliwa hadi ikang'aa, lakini isiwe imepakwa nta, kwa kuwa gundi ya foili haishiki juu ya nta. Kwa mkanda wa ubavuni, kata kipande chenye upana wa mara tatu au nne ya mkanda wenyewe, ukiupitisha wembe kwa uzito wa kisu tu ili ukate foili na kuiacha karatasi ya chini ikiwa nzima. Nyanyua kona kwa ncha ya kisu, ilaze foili juu ya mkanda bila kuivuta, kisha ibonyeze kwa kijiti cha pamba kuanzia katikati kwenda kwenye ncha zote mbili. Foili inaposhuka pembeni mwa mkanda, kingo zake mbili zinajitokeza kama mistari myembamba, na hapo kijiti cha meno kilichofanywa butu kinaisukumia foili hadi kwenye kona ambapo mkanda unakutana na bodi. Kona hiyo ndiyo reli ya wembe. Mpito mmoja mwepesi unatosha, kwa kuwa anayekandamiza huikata foili pamoja na rangi ya bodi, na kovu hilo halifutiki. Foili ya ziada inavuliwa polepole, ikikunjwa nyuma juu ya yenyewe, na mabaki ya gundi yanafutwa kwa petroli ya kujazia viberiti vya mfukoni baada ya kuijaribu kwanza upande wa ndani wa bodi kuona kama rangi inaivumilia. Kinachobaki ni mstari ulionyooka ambao mwanga unatembea juu yake kadiri unavyoligeuza gari mkononi, na hakuna brashi iliyowahi kunipa kitu kama hicho.

Wembe ninaoutumia ni ule wa nambari 11 wa kisu cha kalamu, na ninaubadilisha mara tu unapoanza kuikokota foili badala ya kuikata. Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa foili hii, kwamba inachanika au inaacha kingo zenye meno, zinatokana na wembe uliochoka.

Maandishi ni sura nyingine, na kwangu ndiyo yenye raha kuliko zote. Jina la gari kwenye modeli ya skeli hii lina herufi zenye unene wa sehemu ya milimita, na hakuna mkono unaoweza kuzikata moja moja. Mbinu ni kubandika kipande kidogo cha foili juu ya maandishi kabla rangi ya bodi haijapulizwa, kuibonyeza hadi kila herufi ijitokeze, kisha kulipaka gari rangi kana kwamba foili haipo. Rangi ikishakauka, kitambaa kilicholoweshwa thina kidogo sana, kikiwa kimevutwa juu ya kidole au kipande bapa, kinapitishwa juu ya vichwa vya herufi peke yake. Rangi inaondoka pale juu, thina haiwezi kuiyeyusha alumini iliyo chini, na jina linajitokeza likiwa metali katikati ya rangi, kila herufi ikiwa na ukingo wake. Kwa Bel Air tumia foili ya dhahabu, maana ndiyo rangi ya maandishi hayo kwenye gari halisi. Jambo la kuzingatia ni rangi yenyewe: ikipulizwa nzito, herufi zinazama na hapatakuwa na kichwa cha kukifuta.

Kuna mahali ambapo foili inafikia mwisho wa uwezo wake. Umbo linalopinda pande mbili kwa wakati mmoja, kama fremu za taa za mbele, huikunja, na mikunjo hiyo haitoki yote hata ikisuguliwa kwa muda mrefu. Kwa sababu ni nyembamba, huonyesha kila mchubuko wa msasa na kila punje ya vumbi iliyobaki chini yake, kwa hiyo plastiki iliyo chini ya mkanda inahitaji kulainishwa kwa uangalifu uleule unaoupa paa au boneti. Vanishi inayong'aa ikipulizwa juu yake huipunguzia mng'ao, na ndiyo maana vanishi hutangulia na foili ikafuata. Kwenye pembe za madirisha, ambapo vipande viwili vinakutana, mshono hufichwa kwa kuvipandisha kidogo kimoja juu ya kingine ndani kabisa ya pembe, na baada ya kusuguliwa hauonekani kwa urahisi.

Mbadala zipo, na zinafaa kutajwa kwa ufupi. Kalamu ya Liquid Chrome ya Molotow, kampuni ya Ujerumani, inang'aa kuliko foili yoyote na inafaa sana kwa fremu za taa na mahali pengine penye mviringo, lakini inahitaji muda mrefu kukauka na alama ya kidole huipunguzia mng'ao. Laka za Alclad hutoa kromu nzuri mno kwenye kipande kizima, kwa sharti la kupakwa juu ya rangi nyeusi inayong'aa na kupulizwa kwa pampu ya hewa; anayefanyia kazi hiyo Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika atapambana pia na unyevu wa hewa, ambao huitia laka ukungu mweupe. Foili haijali unyevu wa siku ile.

Ubora wa seti una mchango mkubwa katika matokeo. Mwaka 1958 AMT ilianza kuuza seti za kuunganisha za skeli ya 1:25 ambazo mnunuzi aliweza kuzijenga kwa namna tatu tofauti, baada ya miaka kadhaa ya kutengeneza modeli kamili ambazo wauzaji wa magari walizitumia kutangaza magari mapya. Baadhi ya kalibu za zamani bado zinatumika, na kalibu iliyotumika kwa miongo mingi hutoa mikanda yenye kingo zilizolegea. Foili inahitaji ukingo wa kuufuata, kwa hiyo kwenye seti ya namna hiyo pitisha mgongo wa wembe taratibu kando ya mkanda kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, hadi kona irudi. Kazi hiyo ya jioni moja huamua matokeo kuliko aina ya foili utakayoichagua. Na kama bampa za kiwandani zina mshono wa kalibu chini ya kromu yake, zilowekwe kwenye jiki hadi kromu itoke, zisuguliwe, kisha sehemu zake zilizo bapa zivishwe foili na zenye mviringo zipakwe kalamu.

Kuhusu ununuzi, karatasi hii ni bapa na nyepesi, husafiri ndani ya bahasha, na moja hutosha magari kadhaa ikiwa mikato inapangwa kwa akili. Isinunuliwe nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu gundi hubadilika kadiri miaka inavyopita, na foili iliyozeeka hutoka kwenye karatasi yake kwa shida. Ihifadhiwe ikiwa imelala, ndani ya mfuko wake, mbali na jua. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue kromu ya kawaida, wala asivutiwe na ile yenye mng'ao mkali, ambayo naiona imezidi kwa mikanda ya chuma cha pua. Ya pili iwe alumini isiyong'aa kwa ajili ya bamba la nyuma, na dhahabu ije ya tatu, kwa maandishi na zile alama tatu za madigadi.